Simel Achagua Fimbo ya Kolekole

Tangu alfajiri Resian alikuwa ameshikwa na woga. Mumewe alikuwa anaenda kununua fimbo ya kuvulia samaki.

Wacha kucheka. Simel ni mtu wa ng'ombe, mzaliwa wa Oltepesi, na bahari aliiona akiwa na miaka thelathini. Lakini alipata kazi Watamu kwenye boti ya Okoth, nahodha anayewapeleka wageni kuwarushia samaki wakubwa chambo cha mbao, na kazi hiyo akaipenda, sijui kwa nini. Mwezi wa Agosti kolekole mmoja, mzito kama mbuzi wa Krismasi, alimeza chambo akamng'oa Simel kwenye boti kichwa mbele. Na Simel hajui kuogelea hata kwenye karai. Okoth alimtoa majini akiwa hajitambui. Fimbo ndiyo ilikuwa mbaya, Okoth akasema, ilikuwa ngumu kama nondo. Sasa mbavu zimepona, Jumatatu Simel anarudi kazini, na ameagizwa apite Kitengela achague nyingine.

"Naenda na wewe," Resian alimwambia.

"Kuchagua fimbo? Unajua nini kuhusu fimbo, Mama Nashipae?"

"Najua watoto wangu wako na baba mmoja tu."

Wakaenda pamoja.

Duka lenyewe ni kontena la Dirie, mfanyabiashara anayeleta vifaa vya michezo kutoka Dubai. Liko ndani kidogo ya barabara ya Namanga. Mbele yake kuna uwanja wa vumbi, halafu lami, na kwenye lami malori hayapumziki.

Simel akakimbilia fimbo ya kwanza aliyoiona, fupi, nene, nzito. Akaipigapiga kiganjani kama mtu anayechagua ya kuchungia. "Hii."

"Rudisha," Dirie akasema. "Hiyo ndiyo itakumaliza sasa."

Ai! Kuna watu hawajui kuongea mbele ya mke wa mtu. Resian alishika ukingo wa meza.

Dirie akatoa nyingine, ya futi nane. "Shika hii. Ncha yake ni laini, inarusha chambo mbali bila kukuvunja bega, na wewe utarusha mara mia kwa siku. Huku chini ni ngumu, ndiyo inamwinua samaki. Samaki akivuta, yenyewe inapinda. Ile yako haipindi, kwa hivyo utapinda wewe." Akagonga rili, kile kigurudumu cha uzi kilichofungwa kwenye fimbo. "Na hapa kuna breki. Samaki akizidi nguvu, uzi unatoka polepole. Lakini uzi ukiisha, unaachilia fimbo iende. Umenisikia? Iende!"

"Nimesikia."

"Mimi nataka kuona," Resian akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba, na hilo likamkasirisha.

Dirie alitaka kufunga uzi kwenye mizani, wavute waone ni kilo ngapi. Simel akakataa, eti mizani haikimbii. Jirani alikuwa Mutindi, mwenye bucha, na nje alikuwa amefunga ndume mchanga wa ng'ombe. Simel akaomba huyo. Mwanaume akiwa na wazo la kijinga, hakosi wa kumsaidia. Dakika haikuisha, uzi ulikuwa umefungwa kwenye pembe za ndume, na Mutindi anamswaga taratibu uwanjani.

Fimbo ikapinda vizuri sana. Rili ikalia, uzi ukatoka, na Simel akasimama wima, miguu imetulia, mgongo umenyooka. Resian alipumua. Tangu Agosti hakuwa amepumua hivyo. Akajiambia, basi, ni hii, hii itamrudisha nyumbani.

Ndipo bodaboda ikapita ikipasua ekzosi kama bunduki. Ndume akashtuka, akatimua mbio kuelekea barabarani.

Rili ililia hadi uzi ukaisha. Fimbo ikanyooka yote kumwelekea yule mnyama, na Simel akaanza kukimbia nyuma yake.

"Achilia!" Dirie alipiga kelele. "Achilia, wewe!"

"Baba Nashipae, achilia! Woi, achilia!"

Hakuachilia. Alianguka, akaburutwa kwa tumbo, akainuka, akakimbia tena, fimbo mikononi. Resian alimfuata huku kiatu kimoja kimebaki nyuma. Alijua anachokiona, kwa sababu yeye pia alilelewa hivyo. Oltepesi mtoto wa miaka mitano hupewa kamba ya ndama, na huambiwa ndama akikimbia usiachilie hata ukichubuka. Anayeachilia hurudi nyumbani bila ndama, na huyo, nani hatamcheka?

Ndume akavuka lami. Lori likapiga honi ndefu. Resian alifumba macho. Haki ya Mungu, alifumba, hakuweza kuangalia.

Alipoyafumbua, lori lilikuwa limepita katikati yao na kukata uzi. Ndume alikuwa ng'ambo. Simel alikuwa kifudifudi, uso wake hatua mbili kutoka kwenye lami.

Akageuka, vumbi hadi kwenye meno, akicheka. "Umeona? Haijavunjika! Mwambie Dirie tunachukua hii."

Resian alipiga magoti, akataka kumtoa fimbo mkononi. Haikutoka. Ilibidi akunjue kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, na kila alichokikunjua kilitaka kurudi. Alipofika kwenye kidole gumba, kicheko cha Simel kilikuwa kimekwisha.

"Nilikusikia," akasema polepole. "Nilisikia ukiniita. Nikaambia vidole viachilie, vikakataa. Agosti pia vilikataa. Si fimbo, Resian."

Dirie alikuwa anakuja mbio na chupa ya maji. Simel akatoa simu mfukoni upesi, kabla hajafika, akamsukumia mkewe.

"Mpigie Okoth. Mwambie sirudi. Mpigie wewe, tafadhali. Mimi nikiongea naye nitamwambia niko sawa."