Vipimo vya Bwana Harusi

Kazi ya kushona ina jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui: fundi humpima mtu upande mmoja tu. Hupima bega la kulia, mkono wa kulia, mguu wa kulia, na upande wa kushoto huuamini bila kuuliza. Fundi wetu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, ndani ya chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kiti cha wateja kilichowekewa kadibodi chini ya mguu mmoja ili kisiyumbe. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mama yake alimwita hivyo akiwa na gauni la kupunguza.

Mchumba wake alikuwa mchomelea vyuma. Walijuana humo humo chumbani, alipoleta suruali ile ile mara tatu akitaka ipunguzwe chini, mpaka Fundi akamwambia, "Kaka, ukiirudisha tena utaondoka na kaptura." Kesho yake alirudi bila suruali. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu aende kufanya kazi kwenye daraja lililokuwa likijengwa mbali, safari ya siku nzima na nusu kwa basi. Harusi ilibaki wiki saba. Kila siku saa saba mchana, yeye akiwa mapumzikoni na Fundi akiwa amesimamisha cherehani, waliongea robo saa: umekula nini, umeshona nini, mvua imenyesha huko?

Siku ya posa, wazee walipomuuliza ana neno gani, Fundi alisema moja tu. Alimtazama mwanamume yule akamwambia, "Usinifiche ugonjwa." Waliomfahamu walielewa. Marehemu baba yake alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Aliugua miaka miwili kimya kimya, na mama alikuja kuambiwa na daktari zikiwa zimebaki siku tatu awe mjane. Mchomelea vyuma aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia." Posa ikapita.

Suti ya bwana harusi Fundi alisema ataishona mwenyewe. Vipimo vya zamani alikuwa navyo kwenye daftari, lakini alijua mwanamume aliyeshinda juani karibu mwaka mzima harudi na mwili alioondoka nao. Akamwomba vipya. Mchumba akawa na sababu. Wiki hii tepu hakuna, wiki ijayo kazi imebana. "Tumia vile vya zamani, mama. Mimi ni yule yule." Mambo ya kupigiana simu ya picha nayo yalikuwa yamekufa kwa miezi miwili, mtandao wa huko, alisema, ni wa kubembeleza.

Jumamosi moja asubuhi, hatimaye, picha ya karatasi ikaingia kwenye simu. Ilikuwa karatasi ya kaki iliyochanwa kwenye mfuko wa saruji, imeandikwa kwa penseli nene. Chini yake mchumba alikuwa ameandika: "Rafiki yangu seremala amenipima. Samahani kwa kuchelewa." Fundi alikuwa na mteja mbele yake na pini mdomoni. Aliona tu kwamba imefika, akafurahi, akaiweka simu chini.

Saa nane mchana wakaja shoga zake wawili aliosoma nao. Miezi minne ilikuwa imepita bila watatu hao kukaa pamoja. Mmoja alikuwa muuguzi, na zamu zake zilikuwa zimemla mpaka akalala hata akiwa amesimama kwenye foleni ya benki. Wa pili alifundisha watoto wa chekechea na alihamia upande mwingine wa mji. Huyo jina lake lilishasahaulika. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kutua.

"Hodi hapa," Chiriku alisema akiwa tayari ameshaketi. "Kwanza mniambie nimenenepa, tumalize hilo."

"Umenenepa," Muuguzi alimjibu.

"Asante. Si mimi, ni mama mwenye nyumba. Kila nikitaka kumlalamikia bomba, ananiletea chai na mkate. Mwezi wa pili huu bomba linavuja na mimi nimeshiba."

Wakacheka, Fundi akachemsha maji kwenye birika. Muuguzi alisimulia mgonjwa aliyemposa wadi nzima ikisikia, na alipoambiwa yeye ana mume akauliza kama hana mdogo wake. Chiriku alisimulia mtoto mmoja darasani aliyekataa kuimba kwa sababu, alisema, amechoka na kazi. Chai ilinywewa ya kwanza na ya pili. Fundi aliwasikiliza huku akitandika kitambaa cha suti juu ya meza, cha buluu nzito, akakilainisha kwa kiganja. Alikuwa amesahau jinsi chumba kile kinavyokuwa kidogo na kizuri kikiwa na watu wake.

"Haya, tuone vipimo vya shemeji," Chiriku alisema, akaichukua simu. Alisoma, macho yakamtoka. "Mkono mia tatu na arobaini? Shoga, unaolewa na mtu au na mnara?"

"Maseremala huandika kwa milimita," Fundi alisema. "Toa sifuri moja. Nisomee niandike."

Chiriku akasoma kwa sauti ya darasani. Kifua mia tisa sitini. Kiuno mia nane. Kisha akasita. "Huyu kaandika vitu mara mbili. Bega kulia, bega kushoto. Mkono kulia, mkono kushoto. Ana wasiwasi gani?"

"Ni useremala huo. Wao hawauamini ubao. Soma tu."

"Unene wa mkono, kulia mia tatu arobaini. Kushoto mia mbili themanini na tano."

Fundi akaacha kuandika. "Rudia."

Chiriku akarudia. Fundi akaichukua simu akasoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Urefu wa mikono ulikuwa sawa. Vifundo vya mikono vilikuwa sawa. Ila juu ya kiwiko, mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba kwa karibu sentimita sita, na bega la upande huo lilikuwa limeshuka. Seremala yule alipima hata kutoka begani mpaka sakafuni, kulia na kushoto, kama anayetengeneza fremu ya mlango.

Alimgeuzia Muuguzi ile simu.

Muuguzi aliitazama kwa muda. "Mkono huu ulifungwa plasta," alisema taratibu. "Wiki sita, pengine nane. Msuli usipotumika huyeyuka hivi. Sijui zaidi ya hapo, na karatasi haiwezi kuniambia."

"Miezi miwili," Fundi alisema. "Miezi miwili bila simu ya picha."

Chiriku alijaribu kujizuia, akashindwa. "Mimi nitasema, mnichukie. Ulimwomba kitu kimoja. Hukumwomba gari, hukumwomba nyumba. Kimoja. Kama amekificha hiki kabla ya ndoa, baada ya ndoa ataficha nini?"

"Chiriku," Muuguzi alisema.

"Namwambia ukweli, maana akija kulia atalia kwangu."

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakukaa hata mara moja kwa mwaka. Hakuwa na hasira bado. Alichokiona ni mama yake kwenye korido ya hospitali, ameshika mfuko wa machungwa, akimuuliza daktari, "Miaka miwili? Una hakika ni mume wangu?" Aliapa siku ile kwamba yeye hatakuja kuuliza swali hilo. Wiki saba tu zilibaki, na sasa hakujua kama kitambaa kile mezani akikate au akikunje.

Muuguzi alivuta stuli akakaa mbele yake. "Nikuulize. Ile homa yako ya mwezi wa nne, nilipokuwa nakuja kukutundikia dripu hapo nyuma ya pazia. Ulimwambia?"

Fundi aligeuka akalitazama lile pazia.

"Uliniambia nisimwambie. Saa saba ulipokea simu umejifunika blanketi, ukamwambia sauti imekauka kwa vumbi la kitambaa."

"Ilikuwa siku tano tu."

"Sisemi ni sawasawa. Sentimita sita si siku tano. Nasema tu unajua jinsi inavyokuja. Unaanza na moja, 'nitamwambia kesho nikipata nafuu.' Mpigie. Usimuulize kwa nini. Muulize ilikuwaje."

Chiriku alikunja mikono lakini hakupinga. Fundi akapiga. Iliita mara nne, ikapokewa na sauti nzito isiyo ya mchumba wake.

"Shemeji, shikamoo. Mwenyewe yuko bafuni. Mimi ni seremala, niliyempima. Vilifika?"

"Marahaba. Vilifika. Umepima vizuri sana."

"Aa, shemeji, hiyo ndiyo kazi." Alifurahi waziwazi. "Mwenzangu aliniambia niandike upande wa kulia tu, eti mafundi wa nguo ndivyo wanavyofanya. Nikamwambia mimi tangu nizaliwe sijapima kitu upande mmoja. Nikiandika nusu, shemeji akikosea koti atasema seremala ni mjinga. Na ule mkono wa kushoto bado haujarudi, sasa ningefichaje?" Akasita. Ilisikika wazi kwamba jambo fulani limemwingia kichwani limechelewa. "Shemeji, kwani hajakwambia?"

"Nimpate yeye, kaka. Hujakosea wewe."

Zikasikika kandambili, mnong'ono, mlango. Kisha sauti aliyoizoea. "Fundi wangu."

"Ilikuwaje?" Fundi aliuliza.

Mchumba hakuzunguka. Jukwaa la mbao lilikatika, akaanguka kimo cha mtu na nusu. Mkono ulivunjika juu ya kiwiko. Walimfunga plasta wiki saba, na sasa yuko stoo, anatoa misumari na kuandika majina, hashiki mashine ya kuchomelea. Daktari wa huko alisema mkono utarudi. Hakusema lini.

"Siku ile ile nilishika simu nikwambie," alisema. "Nikakumbuka ulichoniambia siku ya posa. Nikaona nikisema, utamwona baba yako. Nikasema ngoja nipone, nikueleze kikiwa kisa cha kuchekesha. Hakikuwa cha kuchekesha. Halafu nikawaza, mchomelea vyuma wa mkono mmoja nani anamtaka. Nikaendelea kunyamaza."

"Na karatasi?"

"Niliiona. Nilijua ameandika pande zote mbili. Nilikaa nayo siku tatu." Sauti yake ilishuka. "Ningeweza kunakili upande mmoja nikatuma. Nikasema, yule ni fundi, ataisoma. Kama mdomo wangu umeshindwa, basi aisome."

Chiriku, aliyekuwa amesogeza sikio bila aibu, alirudi nyuma kidogo akamtazama Muuguzi.

Fundi alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na hata sasa hakutaka kuharakishwa na huruma wala na uchungu. Kutuma karatasi si kusema. Lakini pia si kuficha. Baba yake hakumtumia mama hata karatasi.

"Washa picha," alisema.

"Mtandao…"

"Mtandao unafanya kazi. Washa."

Akawasha. Uso ulikuwa umekonda, ndevu hazijanyolewa upande mmoja. Alirudi nyuma mpaka bega likaonekana, akavua shati akisaidiwa na mkono wa seremala ulioingia kwenye picha ukatoka. Kovu lilikuwa fupi. Aliunyanyua mkono, ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukakoma. Aliuacha pale uonekane.

Fundi aliutazama bila kupepesa. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

"Anafanya mazoezi?" Muuguzi aliuliza kwa nyuma. "Shemeji, unafanya mazoezi ya mkono huo?"

"Mazoezi gani, dada?"

Muuguzi alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyekwisha kuona mengi. "Hakuna aliyemwonyesha," alisema. "Mkono kama huu haurudi kwa kusubiri."

Hapo ndipo Fundi alipoinuka. Akakikunja kitambaa cha buluu, pande nne, akakiweka rafuni. Chiriku alipomwona anakikunja alishika mdomo. Licha ya maneno yake yote, hakuwa ametaka iwe hivyo.

"Sishoni suti wiki hii," Fundi alimwambia mchumba wake. "Na tarehe ya harusi sijui. Nisikilize, sijamaliza. Sijakusamehe bado, na sitaki kukusamehe kwa simu. Basi la kuja huko huondoka lini?"

"Jumatatu," mchumba alisema. "Alfajiri. Fundi, barabara ni mbaya."

"Nimekuuliza siku, sijakuuliza barabara. Muulize seremala kama kuna mama anayepangisha chumba karibu. Nitakaa wiki nzima. Muuguzi atanifundisha hayo mazoezi, nami nitakufundisha. Ukiniambia hayaumi na kumbe yanauma, nitapanda basi la kurudi siku hiyo hiyo, na pete yako ya uchumba nitamwachia seremala."

"Yatauma," mchumba alisema. "Hata sasa mkono unaniuma."

"Haya. Umeanza vizuri."

Alipokata simu, Chiriku alikuwa ameshafungua daftari la oda. Alikuwa akipita kidole kwenye majina ya wateja wa wiki ile, midomo ikicheza. "Vifungo naviweza," alisema. "Zipu siziwezi. Wa zipu nitawaambia umepatwa na dharura ya kifamilia."

"Usiwaambie zaidi ya hapo," Muuguzi alisema.

"Mimi? Mimi nimewahi kusema kitu?"

Fundi alikuwa tayari amekaa kwenye stuli, mkono wake wa kushoto ameunyoosha mezani. Muuguzi akamshika kiwiko kwa vidole viwili, akamwambia aunyanyue polepole, mpaka pale atakapoambiwa aache.