Saa ya Myuoni

Mimi na mume wangu Rubens tunavusha vitenge kutoka Kigoma hadi kwetu Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ila tangu aanze kujifundisha fizikia ya chembe kwenye simu, marobota nayapokea bandarini peke yangu. Alirukia juu kabisa, kwenye majina matamu ya chembe, akakwama. Ndipo akamwendea Mama Dorothée, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyemrudisha nyuma bila huruma: aljebra, vekta, mwendo, kisha nadharia ya uhusianifu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumpima. Mwenyewe aliniapia kwamba akishindwa, anaacha. Nilimsindikiza kwa Mama Dorothée, na sifichi, nilitaka ashindwe.

"Chembe inayoitwa myuoni inazaliwa juu sana angani, kilometa kama kumi," Mama Dorothée alisema. "Maisha yake mafupi. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, ingekufa mbele ya kumaliza kilometa moja. Lakini inafika hapa chini. Sababu gani?"

Rubens akacheka. "Hiyo rahisi, Mama! Hapa saa ine, Kigoma saa tano. Myuoni nayo iko na saa yake. Unaongeza tofauti, basi."

Jibu la mchuuzi wa ziwa hilo. Nikajua amekwisha.

"Hapana, Papa. Saa ya Kigoma na yetu zinatembea mwendo moja. Ya myuoni, sisi tukiipima, inatembea polepole. Polepole namna gani? Chaki njo hii."

Rubens akaipokea, akageukia ubao ukutani. Akaandika kasi ya myuoni kama sehemu ya kasi ya mwanga, akaizidisha kwa yenyewe, akaitoa kwenye moja, akatafuta kipeo cha pili, akagawa. Hesabu za shule tupu. Umbali ukatoka kilometa kumi. Chaki ikamdondoka.

"Inafika," alisema kwa sauti ndogo. "Pascaline, inafika kweli."

"Nyoosha mukono, Mama," Dorothée aliniambia. Nikanyoosha. "Karibu kila sekunde, moja inapita humo. Inapita nyama, inapita mufupa, inaenda zake chini."

Sikuhisi chochote, na bado niliogopa kuukunja mkono. Miaka yote nimebeba vitenge kwa mkono huu, kumbe mbingu inaupita bila hata hodi!

Rubens alinitazama, akisubiri nimlalamikie habari za marobota bandarini. Nikamgeukia Mama Dorothée.

"Na muntu aliyeishia darasa la sita, anaanzia wapi?"

"Kwa fraksio," alisema. "Nusu na robo." Akainama, akaniokotea chaki.