Juisi ya Ndimu ya Mama Sydney

Jumamosi moja ya Agosti 2003, saa tatu asubuhi, Munyiva alikuwa jikoni Kitengela akikata ndimu arobaini. Mama yake alikuwa anazikwa saa nane, huko Mwala. Alichotaka ni kutupa kaburini udongo wa kiganja kimoja, basi. Lakini Mama Sydney, mwajiri wake, alikuwa na wageni wa kikundi cha maombi.

"Si utaenda tu Jumatatu?" alimwambia akipaka kucha rangi. "Kaburi halina miguu."

Na huyu ndiye aliyefunga nyumba wiki mbili mjomba wa mumewe alipofariki Bungoma. Walikodisha basi, wakashona vitenge sare, wakapiga picha wakilia. Mjomba mwenyewe hata hawakuwa wakisalimiana naye. Ila mazishi ya mama wa mfanyakazi, aka, huo ni usumbufu.

Mwaka huo alikuwa ameamua kuwa soda ni ya watu wa ploti, wale wa vyumba vya kupanga. Alionjeshwa juisi ya ndimu nyumbani kwa meneja wa kazini kwa mumewe, Dalmas, basi naye lazima awe nayo. Mtu chai inamshinda! Asubuhi hiyo aliingia jikoni, akajaza jagi maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo Kitengela nzima inajua ni ya kufulia, akakamulia ndimu humo na mbegu zake. Akaonja, akatema, akamgombeza Munyiva.

Saa nne mlango wa nyuma ulibishwa. Alikuwa Kaluki, mama yake Munyiva, na gauni la kijani alilovalishwa mochari. Akatoa pamba puani, akaitia mfukoni, akanawa mikono.

"Nimeona hauji, nikasema nije," akasema. "Leta hiyo kisu."

"Mama, si wanakungoja?"

"Wangoje. Pasta mwenyewe hajafika."

Akamwaga yale maji ya chumvi ya Mama Sydney. Akaloweka ndimu kwa maji ya moto, akazibingirisha mezani kwa kiganja mpaka zikalainika, akachuja mbegu zote. Sukari aliiyeyusha kwanza katika maji matamu, yale yanayouzwa kwa mkokoteni wa punda. Kila ndimu ilitoa kikombe kizima. Mikono yake ilikuwa baridi, kwa hivyo friji haikuhitajika.

Mama Sydney akachungulia. "Huyu ni nani?"

"Ni mama."

"Si ulisema amekufa?"

"Amekufa, auntie."

Mama Sydney akatazama saa ya ukutani. "Basi afunge kitambaa, nywele zisiingie kwa juisi."

Wageni wakamaliza majagi matatu. Walipouliza nani ametengeneza, Mama Sydney alisema, "Mimi, na hii mikono yangu," akainyoosha waone kucha. Mtu hana haya! Kisha wakashikana mikono, wakawaombea wafiwa wote nchini.

Saa nane kasorobo Kaluki alijifuta mikono. "Wacha niende, wasije wakazika sanduku tupu."

Munyiva akavua aproni, akachukua mfuko wake, akamfuata. Mama Sydney akawapata getini.

"Wewe unaenda wapi?"

"Kumzika mama."

"Mama si huyu? Amekujia mpaka hapa, mmeongea, mmepika pamoja. Kuna watu wangelia kupata hiyo nafasi. Vyombo vimejaa huko."

Kaluki alimshika binti yake shavu kwa mkono ule wa baridi. Akarudisha pamba puani mwenyewe, akashika njia peke yake katika vumbi. Munyiva akarudi ndani kuosha vyombo.

Saa nane na nusu aliusikia udongo ukianguka juu ya sanduku, koleo baada ya koleo, sauti ikitoka ndani ya sinki. Mama Sydney naye aliusikia, akaja kufunga mlango wa jikoni kwa sababu wageni walikuwa bado wanaongea.

"Jumamosi ijayo tuko na watu wa kazini kwa Baba Sydney," akasema. "Mwambie mama yako aje mapema."