Uso wa Placidia

Jumamosi Evangelina aliporudi Kibingo, baada ya miezi minne hospitalini, mumewe Dastan alikuwa ameshatandaza nyasi mbichi sebuleni na kualika watu kumi na wanane waje kumpokea. Kumuuliza kwanza kama anawataka hakukumpitia kichwani.

Evangelina alimtaka mmoja tu: Ayebare, mwanawe wa miezi kumi, aliyekuwa akilelewa na mama mkwe, Avelina. Naye Avelina alikuwa ametoa sharti. Evangelina akionekana tena akiongea peke yake mbele za watu, mtoto harudi.

"Mama Ayebare, leo utulie," Dastan alimwambia wageni walipokaribia. "Uwe kama mke wa Kahigi."

Mke wa Kahigi ni Placidia, jirani yao, mwanamke ambaye akishasalimia hana neno la pili. Evangelina alikwenda kunawa uso. Aliporudi alikuwa na uso wa Placidia, pamoja na pengo la jino na kovu juu ya jicho. Dastan alimtazama, akamweka sawa kitenge begani, akamwambia awapelekee wageni kahawa ya kutafuna.

Waliipokea kwa mikono miwili. "Kahigi hajambo?" walimuuliza.

"Hajambo," alijibu.

Placidia mwenyewe alichelewa. Alitua mkungu wa ndizi mlangoni, akaukagua uso ule bila haraka.

"Hilo kovu huwasha mvua ikikaribia," alimwambia Evangelina. "Paka mafuta." Kwake yalikuwa maneno mengi.

Kisha Avelina akaingia na mtoto. Ayebare alimwangalia mama yake, akaangua kilio, akajificha shingoni kwa bibi. Evangelina alikimbia kunawa mara ya pili, na ya tatu. Uso haukutoka.

"Dastan, nataka uso wangu," alisema mbele ya wote.

"Unaanza tena," Dastan alimjibu kwa sauti ya chini.

Mzee wa kanisa, mmoja wa wageni, akatazama nyasi. Avelina akamfunga mtoto mgongoni, akaaga.

Hata hivyo wageni waliondoka wameridhika, wakimpongeza Dastan kwa jinsi mkewe alivyopona. Tangu siku hiyo Evangelina hajaongea peke yake, wala na mtu. Ayebare hulia kila anapomwona, kwa hiyo bibi yake humleta Jumapili baada ya ibada, mtoto akishalala.