Makohozi ya Otieno

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na jua la machimbo ya Nyangoto lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Arafa, mwanafunzi wa afya ya jamii aliyepangiwa mafunzo ya vitendo katika zahanati, alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akiwabembeleza wachimba dhahabu watoe makohozi ya kupimwa kifua kikuu. Wachimbaji wanne wa shimo moja tu ndio waliokubali, na sasa walimrudishia vikopo vinne.

"Umeridhika, daktari?" Otieno, kiongozi wao, alimtania.

Arafa aliwatazama. Orwa, ambaye kikohozi chake kilisikika tangu barabarani, alikuwa na midomo mikavu. Otieno ndiye aliyekuwa akijifuta kidevu.

"Kaka Otieno, vikopo vyote umevitemea wewe?"

"Kifua changu ni kizima. Orwa akikutwa na ugonjwa, mwenye shimo atamfukuza. Watoto wake watakula nini?"

"Na akifa, watakula nini?"

Arafa aliketi juu ya gunia la mawe.

"Majibu nitampa Orwa peke yake," alisema taratibu. "Mwenye shimo hatayasikia kwangu."

Orwa alikohoa, akasubiri pumzi irudi, kisha akanyoosha mkono.

"Lete kingine, dada."

Orwa alikwenda nyuma ya turubai na kikopo kipya. Otieno aliingia shimoni kumfanyia zamu yake. Arafa aliviweka kando vile vinne vikateketezwe, akaegemea gunia jingine, akasinzia.