Vyungu Vilivyopauka

Mke wangu Zita alitangaza mbele ya kwaya nzima kwamba vyungu sita vya maua vya altareni, kwa ajili ya sikukuu ya parokia, atavifinyanga yeye. Atavipaka rangi ya kioo yenye nyufanyufa za makusudi. Mwenyekiti wa kwaya akacheka, akasema vya plastiki vipo dukani kwa Muhidin. Tangu hapo nyumbani kwetu hakukulika wala kulalika.

Maana rangi iligoma. Vyungu vilichomwa mara ya kwanza, vikatoka vizima, vikapangwa barazani. Kesho yake Zita akavichovya kwenye unga wa kioo uliokorogwa kwa maji. Rangi ikajikunja, ikadondoka mapande mapande.

"Nestory, umechekecha vibaya," akaniambia.

Nikachekecha upya mpaka nikapiga chafya nyeupe. Ikadondoka. Tukabadilisha maji, ikadondoka. Nikashauri tutie uji wa ulezi ili inate. Ilinata kwenye ndevu zangu tu.

Kilichoshika rangi ni kimoja, kile alichokuwa akitagia kuku wetu. Basi Zita, mwanamke mwenye akili zake timamu, akaniagiza nimkalishe kuku kwenye vyungu vyote vilivyobaki, kwa zamu. Nilidonolewa. Nilikasirika sana, na kuku pia.

Mama yangu, aliyekuja kukaa kwetu msimu huu wa baridi, akatoka ndani na kopo lake la mafuta ya kujipaka.

"Mtoe huyo, baba. Hata juzi alinizuia kukipaka kile chake."

"Kukipaka nini, mama?"

"Mafuta. Vyote vimepauka. Kwa baridi hii ya Sumbawanga, wapita njia watasema nyumba hii haina mama."

Zita akakaa chini polepole. Mama mkwe hafokewi.

"Asante, mama," akasema kwa sauti nyembamba.

Tukavirudisha tanuruni mafuta yaungue, na mama tukampeleka Matai kumsalimia shangazi. Safari hii rangi ilishika.

Siku ya sikukuu vyungu sita vilisimama altareni, vinang'aa, nyufa zimetambaa kila upande. Mwenyekiti wa kwaya akaja kuvigusa kimoja kimoja. Niliona fahari mpaka machozi yakanilengalenga.

Mama, aliyerudi asubuhi ile, akanigusa bega.

"Nimeondoka siku chache tu," akaninong'oneza, "tazama vilivyopasuka ngozi." Tayari alikuwa anafungua mkoba.