Mikate ya Samli na Vidonge vya Kifua

Mama yangu, Bi Shaikha, haamini kama mtu mwenye njaa anaweza kupona kitu. Toka tukimbie Unguja kuja Maskati, imani hiyo imezidi. Nilipopata kifua kikuu akasema vidonge vikali, vitanichoma tumbo, lazima vitandikiwe chakula. Basi kila asubuhi kabla ya kidonge: mikate ya samli, mayai, na halwa juu yake. Nnakula huku nnakohoa. Jaribu wewe kumkatalia mama yangu chakula, utaona cha mtema kuni.

Miezi ikapita, homa haishuki. Daktari Thani, Mzanzibari mwenzetu, akanambia waziwazi, "Marhoon, dawa isipofanya kazi, nakupeleka Bombay ukakatwe pafu." Niliogopa khasa. Mke wangu Rahila alikuwa na mtoto mchanga, na sikumjua hata mtu mmoja aliyekatwa pafu akarudi.

"Vidonge unavimeza kweli?" daktari akaniuliza.

Nikakasirika, lakini mama, aliyekuja nami, akaniwahi. "Anavimeza mbele yangu, na tumbo limejaa vizuri."

Daktari akataka kujua limejaa nini. Akaambiwa. Kesho yake akanitoa damu baada ya chakula cha mama na kidonge, akaichanganya na dawa zake kwenye kichupa aone kidonge kimeingia kiasi gani. Rangi ikageuka kidogo tu. Siku iliyofuata nikameza kwa maji matupu, akanitoa damu tena. Safari hii kichupa kikawa njano iliyokoza.

"Chakula kizito kama kile tumbo haliachii upesi," akamwambia mama kwa adabu. "Kidonge kinakwama humo na mikate, damu inapata kidogo. Ameze na njaa, Bibi, ale baadaye."

Mama alinuna njia nzima. "Nimtese mwanangu kwa njaa, ati ndiyo dawa." Lakini asubuhi akaniletea kidonge na maji, akakaa mbele yangu, na yeye mwenyewe hakugusa hata kahawa mpaka niliporuhusiwa kula.

Homa ikaanza kushuka. Juzi daktari akanipiga picha ya kifua, akaitazama kwenye mwanga, akasema habari ya Bombay imekwisha. Mie nikacheka peke yangu kama mwehu. Alhamdulillahi, nilifurahi nisivyoweza kusema. Mama akalia mpaka mtandio ukarowa.

Tulipofika nyumbani akajinyoosha kitandani, akalala fofofo. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, chungu hakijatelekwa. Rahila akafunga mlango wa chumba cha mama polepole, na sote tukakaa na njaa zetu, hakuna aliyemwamsha.